Mawaridi ya Thirza Bloor

Msinitazame hivyo. Mmeniomba niseme habari za Thirza Bloor na nitazisema, ila asije mtu hapa na leso ya kulilia. Nina miaka sabini na minne. Meno yameniisha, ulimi ninao, na Longton nzima, mji huu wa viwanda vya kauri, inajua Zillah Salt hapambi maneno.

Kwanza, Thirza hakuwa mzuri. Watu wakisimulia marehemu huwafanya wote kuwa wazuri na wapole. Mpole alikuwa, uzuri sahau. Jicho lake la kushoto lilikuwa likichungulia pua, na sisi wa chumba cha wachoraji wa vyombo kiwandani tulimpa jina siku ileile aliyoingia: Kengeza. "Kengeza, lete maji!" "Kengeza, unatazama sahani au unatazama dirisha?" Naye anaitika, "Abee." Hilo ndilo lililoniudhi. Mtu unamtukana, anakuitikia kama umemkaribisha chakula.

Alizaliwa uchochoro wa nyuma ya kiwanda, nyumba ya tatu, ambako nguo zikianikwa nyeupe huanuliwa nyeusi kwa moshi wa matanuri. Baba yake kazi yake ilikuwa kuingiza vyombo tanurini na kuvitoa. Siku moja bwana mkubwa, mwenye kiwanda, alikuwa na haraka, akataka tanuri lifunguliwe kabla halijapoa. Wanaume wakajifunga vitambaa vya maji kichwani, wakaingia. Bloor alitoka na kifua kilichobabuka ndani, akafa kabla ya Krismasi. Mjane wake akabaki na binti mmoja mwenye jicho la upande, akafua nguo za watu mpaka vidole vikapinda, ili huyo binti ajifunze kuchora asije akaishia tanurini au kwenye vumbi.

Miaka saba ya kujifunza tuliimaliza pamoja, mwaka uleule, mimi na yeye. Tulikaa benchi moja, bega kwa bega. Mfinyanzi hulia gaeni, na sisi ndio tulikuwa wa methali hiyo: mchana tunachora vyombo vya mabwana, jioni tunakula chapati zetu za shayiri na jibini kwenye sahani zilizokataliwa, zenye mkwaruzo juu ya nembo ili kila mtu ajue ni makombo.

Sasa niwaeleze kitu kimoja, maana bila hicho hamtaelewa mtu anavyoweza kuuawa na nukta. Sahani ya kauri ina uso na ina chini. Uso ni wa mnunuzi. Chini ni kwetu. Chini pana nembo ya kiwanda, iliyopigwa kwa muhuri. Yetu ilikuwa taji juu ya mnara. Enzi za baba yake bwana mkubwa ilikuwa taji peke yake, na kabla ya hapo ni herufi mbili zilizokwaruzwa kwa kijiti kwenye udongo mbichi. Mtu wa Longton hanywi chai ugenini kabla hajageuza kikombe, na akikigeuza atakuambia kimetoka tanuri gani na enzi za nani. Chini ya nembo kuna namba ya mchoro. Na pembeni, padogo kama kinyesi cha nzi, pana alama ya mkono, ya mwanamke aliyeshika brashi. Huyu msalaba, yule mkia wa panya, yule nukta mbili. Mwenye alama ndiye mtu. Asiye na alama hujaza majani na kingo, na kazi yake huhesabiwa chini ya alama ya mkuu wa benchi. Ua la katikati haligusi.

Na alama haikutolewa ovyo. Mkuu wa benchi ndiye aliyemwendea meneja akasema, huyu ameiva. Asiposema, utajaza majani hadi unywele uwe mweupe.

Thirza alitaka alama. Mume hakutaka, wala hakuna aliyemtaka. Nguo hakutaka. Alitaka alama yake chini ya sahani, basi. Wakati wa chakula utamkuta ameinamia kigae, anajaribu: leo duara, kesho ndoano, keshokutwa amefuta vyote. Nikimuuliza, "Umeshaolewa na ipi leo?" anacheka, anaficha kigae kwenye aproni.

Mkuu wetu alikuwa Keziah Machin, nasi tulimwita Mama Machin kwa woga, si kwa heshima. Alikaa kwenye kiti kile cha dirishani miaka thelathini. Alama yake ilikuwa nukta tatu na ndoano, na mawaridi yake yalijulikana mpaka London. Mtu akilalamika mkono unauma, anamkata jicho. "Bibi yangu alichora mkono ukining'inia hewani, maana wanaume waliwanyang'anya wanawake kigogo cha kuegemeza mkono, wasije wakawapita. Alilia? Nyie mna vigogo, mna taa, mnalialia nini?" Na kweli, tuliinamia sahani zetu.

Basi Mama Machin alikuwa na tabia ya kunyonya brashi. Ncha ikitawanyika, anaitia mdomoni, anaichonga kwa ulimi. Wote tulifanya hivyo, ila yeye alikuwa amefanya miaka arobaini. Rangi zetu zina risasi, si ile ya bunduki, ni yale madini yanayofanya rangi ing'ae, na sumu yake haina haraka. Kwanza fizi zikamwota mstari wa buluu. Kisha tumbo likawa linamkata. Kisha, majira ya kuchipua majani, kifundo cha mkono wa kulia kikalegea. Anauinua mkono, kiganja kinaanguka mbele kama sikio la mbwa.

Kulikuwa na sheria mpya wakati ule. Kila mwezi anakuja daktari wa serikali, anawapanga wanawake mstari. "Nyosheni mikono mbele, vidole vitawanyike." Ambaye kiganja chake kinaanguka, anatoka siku hiyohiyo, harudi. Na mwanamke kama Mama Machin, hana mume wala mtoto, akitoka anakwenda wapi? Nyumba ya maskini ya kule Chell, avae gauni lenye mistari na kula uji wao. Alikuwa anaogopa Chell kuliko jehanamu.

Nilikuwa nimekaa hapo hapo alipomwita Thirza. Alidhani mimi sisikii, au alijua nasikia na hakujali.

"Kengeza."

"Abee, Mama Machin."

"Bado unaota alama?"

Thirza akawa mwekundu hadi masikioni.

"Nichoree mawaridi. Mpaka likizo ya Agosti tu, mkono huu upumzike. Tukirudi nakwenda kwa meneja, Bwana Heath, kwa miguu yangu, namwambia umeiva."

"Wakijua siyo mkono wako, je?"

"Watajuaje? Wao husoma chini, mjinga wewe."

Thirza akakubali. Ningekuwa mimi ningekubali vilevile, tusidanganyane.

Nami nikaona mawaridi yake. Jamani! Miaka yote ile tulikuwa tunamtazama jicho, hakuna aliyemtazama mkono. Alikuwa anaanza na petali ya chini, anaivuta badala ya kuisukuma, rangi inafifia yenyewe pembeni, na ua linakaa kwenye sahani kama limelowa umande. Ya Mama Machin yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa ya kuchorwa. Ya Thirza ungetaka kuyapuliza uone kama yatatikisika. Nilishikwa na wivu. Nasema wazi kwa sababu aliyenikalia moyoni ni yeye, siyo ninyi. Mwaka mzima nilijifanya najaza majani, kumbe namwibia kwa macho: anashikaje, anageuzaje, anaanzia wapi.

Akimaliza kila ua anageuza sahani, anaweka nukta tatu na ndoano. Alama ya Mama Machin, kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa daktari, Mama Machin alikuwa na ujanja. Alichomoa kile kibapa cha chuma kinachoshonewa kwenye vazi la kubana kiuno, akakifunga chini ya mkono kutoka kiwiko hadi kiganjani, akashusha mkono mrefu wa gauni mpaka kwenye vidole. "Nyosha." Ananyosha, mkono umesimama kama ubao. Daktari anaandika, anapita.

Agosti ikaja, tukaenda likizo, tukarudi. Thirza akasubiri wiki, kisha akauliza. "Petali zako nzito bado," akajibiwa. Krismasi ikaja. "Bwana Heath ana hasira siku hizi, usinichafulie." Pasaka ikapita. Na sisi wengine, badala ya kumhurumia, tukapata mchezo.

Mchezo ule niliubuni mimi. Nina mwandiko mzuri. Nikaandika barua, kana kwamba ni ya Bwana Heath: Thirza Bloor afike ofisini saa nne, avae aproni safi, kwa habari ya alama yake. Nikaiweka chini ya kikombe chake. Akaisoma mara mbili, akanitazama kwa jicho moja, la pili likitazama kwake lenyewe, akasema, "Zillah, imefika." Akaenda kunawa uso bombani. Akaazima aproni. Akashuka ngazi wasichana wote wameziba midomo kwa mikono. Huko ofisini Bwana Heath alimuuliza kama amelewa, akamfukuza. Aliporudi tulicheka mpaka mmoja akajikojolea. Thirza akakaa, akachukua brashi, akaendelea na waridi alipoliacha. Hakuuliza nani kaandika. Nafikiri alijua.

Mwezi wa Mei ndipo mambo yalipoiva. Duka moja kubwa la London lilitaka seti ya watu sitini, mawaridi matupu, na wakala wao akaleta sahani moja ameishika kwa vidole viwili, akaigeuza mbele ya Bwana Heath. "Huyu," akasema, akiweka ukucha kwenye nukta tatu na ndoano. "Namtaka huyu huyu, na kesho nije nimwone akichora."

Habari ikapanda juu. Mama Machin akabadilika rangi. Jioni ile, wengine walipokuwa wanakunja aproni, nilimwona anajaribu mwenyewe. Sahani tatu. Mkono wa kulia ameukamata kwa wa kushoto, jasho linamtiririka, na maua yanatoka kama viazisukari vilivyokanyagwa. Akaweka alama yake kwa mazoea, akashtuka, akazificha chini ya benchi. Nilijua zilipo. Sikusema kitu, na sikujua bado nina sababu gani ya kutosema.

Kesho yake wakapanda, Bwana Heath mbele, wakala nyuma na kofia yake mkononi.

"Mama Machin," akasema meneja, kwa sauti ya kubembeleza ambayo hatukuwahi kuisikia, "mwoneshe bwana huyu kidogo tu."

Mama Machin akachukua brashi. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena, ikaviringika hadi kwenye kiatu cha wakala. Nikamwona anatazama dirishani, na nakuapieni aliiona Chell. Kisha akainama, akazitoa zile sahani tatu, akazibwaga mezani.

"Nitashikaje brashi, bwana? Natetemeka kwa hasira! Asubuhi hii nimezikuta hizi. Tazama uchafu huu, halafu geuza, utazame chini. Alama yangu! Miaka thelathini, bwana, alama yangu imewekwa kwenye takataka!"

Bwana Heath akageuza. "Nani?"

"Huyo." Akamwonesha Thirza kwa kidevu. "Kachoka kusubiri, sasa anaiba."

Lazima mjue, kwenye benchi unaweza kuzaa nje ya ndoa, unaweza kunywa, unaweza hata kumpiga mwenzio, utasamehewa. Kutia alama ya mwenzio kwenye kazi yako, hapana. Vipo viwanda vilivyokuwa vinabandika nembo za viwanda vya Wajerumani kwenye vyombo vyao mchana kweupe, na wenyewe wakikaa viti vya mbele kanisani, lakini hao ni mabwana. Mchoraji akifanya hivyo brashi zake zinavunjwa mezani, na hakuna kiwanda Longton kitakachompa nyingine.

Thirza akasimama. Hakuwa mtu wa maneno. "Mama Machin," akasema, "mawaridi ni—" akasita. Aliona aibu kumsema mwanamke mzee mbele ya wageni! Ndivyo alivyokuwa, mjinga wa Mungu. Akanigeukia mimi. "Zillah yupo hapa kila siku. Muulizeni Zillah."

Bwana Heath akanitazama. "Wewe unakaa kando yake. Umeona nini?"

Mnataka kujua niliwaza nini? Niliwaza kwamba nina miaka mitano nasubiri alama, na kwenye foleni mbele yangu yupo mmoja tu mwenye mkono kuliko wangu. Akitoka, nabaki mimi. Hayo tu. Sikuwaza Mungu, sikuwaza mama yake.

"Sikuona kitu, bwana," nikasema. "Mimi hutazama kazi yangu."

Ilitosha. Bwana Heath akachukua brashi za Thirza, saba, akazivunja ukingoni mwa meza moja baada ya nyingine, ndivyo desturi ilivyokuwa. Thirza akapita katikati ya mabenchi kwenda mlangoni. Mmoja akamwita, "Kengeza, usikose ngazi!" Watu wakacheka, kwa sababu walikuwa wanaogopa, na mtu mwenye hofu hucheka upesi.

Mlango haujafungwa vizuri, Mama Machin akaninong'oneza: "Sasa wewe. Unayajua, nimekuona ukimtazama." Nikachora mawaridi yake wiki mbili. Yalikuwa mazuri kiasi. Petali ya chini ilinishinda, lakini yalikuwa na nukta tatu na ndoano, na Bwana Heath akayasifu.

Wiki mbili, kwa sababu ya tatu alikuja daktari. Alipofika kwangu kwenye mstari nikanyosha mikono yangu, nikasema kwa sauti ya chini, "Daktari, yule mama wa mwisho, mwambie apandishe mkono wa gauni." Basi. Akapandisha. Kibapa kikaonekana. Daktari akakifungua, na kiganja kikaanguka mbele ya watu wote. Mama Machin aliniambia mimi, akipita na kikapu chake: "Wewe umezidi, mwanangu. Mimi niliogopa. Wewe huogopi." Alikwenda Chell na hakumaliza mwaka.

Bwana Heath si mpumbavu. Mchana uleule akatuita benchi zima. "Mkono huu umekufa zaidi ya mwaka, daktari anasema. Nani alikuwa anachora mawaridi?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja, jina moja, na Thirza angerudishwa jioni ileile, akapewa kiti cha dirishani na alama. Seti ya watu sitini ingekuwa yake. Wasichana walikuwa wanatazama viatu vyao. Hakuna aliyejua kwa hakika ila mimi.

"Mimi, bwana," nikasema.

"Chora."

Nikachora mbele yake. Akatazama uso wa sahani punde, kisha akaigeuza, chini peupe, akasema, "Haya, weka yako." Nikaweka mkwaju mmoja, mstari mfupi ulioinama, na nukta. Niliibuni palepale.

Thirza wakati huo alikuwa amepata kazi mahali pekee walipomchukua bila kuuliza: kusugua. Mnaijua kazi hiyo? Kauri ikichomwa mara ya kwanza hufukiwa kwenye unga wa jiwe la gumegume isije ikapinda. Ikitoka, wanawake hukaa wakiusugua unga ule kwa brashi ngumu, na unga unaingia kifuani na hautoki. Mwanamke akianza kusugua, majirani huanza kumhesabia miaka. Ndilo vumbi ambalo mama yake alifua nguo ili binti asilifikie.

Jumamosi moja Thirza akaja getini kwetu, nyusi nyeupe kwa unga, amekwisha kusikia habari za Mama Machin. Alikuwa na furaha! Amejifunga kitambaa kipya, mkononi ana brashi mbili mpya kwenye karatasi.

"Zillah, sasa unaweza kusema, si ndiyo? Kuogopa kwako nilikuelewa. Mama Machin angekutoa na wewe. Sasa hayupo. Twende kwa Bwana Heath."

Nikamwambia, "Bwana Heath ameshajua."

"Ameshajua?"

"Ameshajua ni mimi."

Wasichana walikuwa wanapita wanatutazama. Nilitaka anipige, nilisimama tayari kabisa, maana ningepigwa tungekuwa tumemalizana. Akasema, "Basi niombee nirudi. Nitajaza majani chini ya alama yako. Sitagusa ua. Kule kifua kinanibana, Zillah."

Na mimi nikawaza, akikaa kando yangu, siku moja Bwana Heath atapita amwone anavyovuta brashi hata kwenye jani. Nikamwambia nafasi hakuna. Nikaongeza, kwa sababu wasichana walikuwa wanasikiliza, "Na jicho lile utajazaje majani, dada, si utajaza meza?" Wakacheka. Akanipa zile brashi mbili, akasema zitaharibika kule kwa unga, akaondoka zake. Brashi nilizitumia. Zilikuwa nzuri.

Aliishi miaka minne. Mwisho hakuweza kupanda ngazi, alilala jikoni karibu na moto, na mama yake akimkalisha usiku kucha apate pumzi. Sikwenda kumwona. Alikuwa na miaka thelathini.

Wiki ya pili baada ya mazishi Mama Bloor akaja kazini kwangu. Mimi wakati huo ndiye mkuu wa benchi, ninakaa dirishani. Mwanamke mdogo wa umbo, vidole vimepinda, amenunua kigae cha kauri cha kuweka kaburini.

"Mwanangu," akasema, "Thirza alikuwa akikutaja siku zote. Alisema kwa mawaridi, ukimtoa yeye, hakuna mwingine ila Zillah. Hakupata bahati ya kuyachora, maskini, waliishia kumpa majani. Nichoree moja, na jina lake juu."

Nilichora. Niliandika Thirza Bloor kwa mwandiko wangu mzuri, na chini yake waridi. Nilijaribu kuivuta ile petali ya chini, ikakataa. Kisha nikakigeuza, nikaweka mkwaju na nukta, maana hakuna kitu kilichotoka benchini kwetu bila alama, na nilikuwa na sifa yangu ya kulinda.

Mama Bloor alikipokea kimefungwa, akakifungua kukitazama. Machoni hakuona vizuri, akakipapasa. Kidole kikapita nyuma, kikasimama.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Ni alama, mama. Ya mwenye kazi."

"Ahaa." Akaipapasa tena. "Ndiyo hii aliyokuwa anaililia mwanangu. Afadhali sasa anayo na yeye."

Nikamwambia, ndiyo, mama, anayo. Akanishukuru sana, akanibusu mkono, na mimi nikamwacha anibusu.